Kiungo Kifungukacho

Kabati la siku hizi halisafiri likiwa kabati. Lipitapo katika barabara ya Kilwa, kutoka karakana za Dar es Salaam kwenda Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji, huwa ni mbao bapa zilizolazwa moja juu ya moja, pamoja na kifuko cha vyuma kinachoenea kiganjani, na mpita njia asiye na habari hudhani ameona shehena ya mbao tu. Mbao hizo zilitoka katika bapa lenye milimita 2440 kwa 1220, likakatwa na mashine iongozwayo na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC, na kila tundu lilikwisha tobolewa kabla ya mkono wa fundi kushika bisibisi: matundu ya rafu yana kipenyo cha milimita 5, nayo yamepangwa kwa umbali wa milimita 32 toka kitovu cha moja hata kitovu cha jingine, kanuni iliyoanza Ulaya ikaenea duniani. Kinachounga ubavu na ubao wa chini si gundi, wala si ulimi uliopigiliwa katika tundu lake, bali ni kifungo cha chuma cha mviringo, kipenyo chake milimita 15, kilichozamishwa ndani ya ubao; ukikizungusha nusu mzunguko hushika shingo ya parafujo iliyosimama katika ubao wa pili, na mbao mbili zikabanana barabara; ukikirudisha, zikaachana bila kinyongo.

Maseremala wazee, waliolelewa na randa, patasi na mbao za mninga, hawakipendi kifungo hiki. Husema kwamba kitu kinachofunguka kwa bisibisi hakijapata kuwa kitu, bali ni mapatano ya muda baina ya mbao, na kwamba kabati la haki ni lile ambalo ukitaka kulitenga huna budi kulivunja. Neno hilo naona limebeba uzito kuliko wanavyodhani wasemaji wake, kwa maana lagusa swali lililowashughulisha wanafalsafa na wanazuoni tangu kale: ni nini kivifanyacho vitu vingi kuwa kitu kimoja, na kitu hicho kikifumuliwa kisha kikaungwa tena, je, kilichorudi ni kile cha kwanza au ni mfano wake? Mtu aaminiye kwamba atakufa, atatawanyika mchangani, kisha atafufuliwa, hawezi kuliacha swali hili mikononi mwa maseremala peke yao.

Nawajibu kwanza wazee. Pwani yetu haikupata kuamini kwamba kiungo chema ni kile kisichofunguka. Mtepe, chombo cha kale cha Waswahili, uliungwa bila misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, na kamba zilipochakaa zilifumuliwa, chombo kikashonwa upya, kikarudi baharini na jina lake lile lile. Mtu aliyeandika kwa Kigiriki habari za bahari hii, katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, alilitaja soko la Rhapta, lililopata jina hilo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa, na baadhi ya wataalamu wa mambo ya kale huliweka soko hilo katika delta hii hii ya Rufiji. Profesa Felix Chami, aliyechimbua Mkukutu karibu na Kibiti, alipata huko shanga ambazo katika maandiko yake ya mwaka 1999 alizieleza kuwa za Kirumi. Ikiwa wataalamu hao wamesibu, basi sifa ya kwanza ya nchi hii katika vitabu vya ulimwengu ilikuwa ni kiungo kinachofumuliwa.

Tazama tena kitanda cha kamba. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja cha kichwani na kimoja cha miguuni. Ncha za miti hii huingia katika matundu ya matendegu zikiwa kavu, bila gundi wala msumari, na kitanda kizima husimama kwa mvuto wa kamba iliyosukwa juu yake. Ilegeze kamba, na kitanda kitakuwa miti minane ndani ya mtumbwi. Kwa watu wa Rufiji, ambao toka enzi walilima mpunga bondeni na kulala katika madungu juu ya maji, na ambao wengi wao walitolewa tena majumbani na mafuriko ya Aprili 2024, samani inayokubali kufumuliwa si samani dhaifu, kwani aghalabu ndiyo inayookoka pamoja na mwenyewe.

Kama wazee wangeulalamikia ubao wenyewe ningewaunga mkono. Ubao wa unga wa mti uliogandishwa kwa gundi hauipendi hewa ya delta. Hunywa unyevu ukavimba kingo, na parafujo ya kawaida ikitolewa na kurudishwa mara kadhaa tundu lake hulegea likawa halishiki tena, hata twaona ajabu hii, kwamba kiungo kina umri mrefu kuliko vitu ambavyo kinaviunga. Lakini hiyo ni aibu ya ubao, si ya kifungo.

Shida ya kweli iko mahali pengine. Fundi aundaye kitanda kwa mkono hulichonga kila tundu kwa kufuata ulimi wake mmoja, na kwa kuwa mkono wa mwanadamu haupigi mara mbili sawasawa, hutia alama: mkato mmoja wa patasi kwenye tendegu na mkato mmoja kwenye ncha ya mfumbati wake, mikato miwili kwa jozi ya pili, na kuendelea, ili siku kitanda kitakapofumuliwa kila ulimi ujue pa kurudi. Mbao za mashine hazina haja ya alama. Ubavu wowote huingia katika kabati lolote lililokatwa kwa mchoro ule ule, hata kama moja limekatwa leo na jingine mwakani. Sasa tuseme majirani wawili wa kijiji kimoja cha delta wamenunua makabati mawili ya namna moja, wakayapakia katika mashua moja pale Nyamisati, mbao zikachanganyika njiani. Watakapoyaunga, kila mmoja atapata kabati kamili, wala kadhi hatakuwa na la kuamua, maana hakuna aliyepungukiwa. Lakini akili haitulii, kwa sababu ikiulizwa lipi ni la huyu na lipi ni la yule, haina jibu. Mchoro umetoa aina ya kitu. Haukutoa kitu hiki, kisicho kile.

Wako watu wa zama zetu wanaoona kwamba kompyuta imeifanya nyepesi itikadi ya ufufuo iliyokuwa nzito: mbao zikiungua mchoro hubaki, na mwenye mchoro aweza kukata nyingine, basi Mwenyezi Mungu, ambaye elimu yake imekizunguka kila kitu, na ambaye kwake kila jambo limeandikwa katika Lauhi Mahfudhi, ana shida gani kumrudisha mwanadamu? Hoja hii yapendeza, nami siikatai kwa upande wa uwezo wa Mungu, kwa kuwa uwezo huo hauna mpaka. Naikataa kwa upande wa uadilifu. Lau kurudi kwangu kungekuwa ni kukatwa upya kwa mchoro wangu tu, mchoro huo ungeweza kutoa wawili, au elfu, na kila mmoja wao angekuwa na haki sawa ya kujiita mimi. Na yule atakayesimama mbele ya hesabu angekuwa mfano wangu, akilipwa kwa wema ambao hakuutenda na kuadhibiwa kwa dhambi ambayo hakuionja. Hiyo ni dhuluma, na Mungu ametakasika nayo.

Wengine hukimbilia upande wa pili, wakashika kwamba ni lazima chembe zile zile za kwanza zikusanyike. Delta yenyewe yawajibu. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipigwa na Waingereza humu tarehe 11 Julai 1915, na mabaharia wake wakaizamisha kwa mikono yao. Kisha mizinga yake 10 ikaopolewa, ikatiwa magurudumu, ikaenda kupigana vita vya nchi kavu, na mpaka leo mmoja umekaa Ngome ya Yesu huko Mombasa na mwingine Pretoria. Mzinga uliokuwa kiungo cha meli, ukawa kiungo cha jeshi la bara, siku ya kukusanya ungedaiwa na nani? Wanazuoni waliliuliza swali hili kwa namna ya kutisha zaidi: mtu akiliwa na mnyama, na mnyama yule akaliwa na mtu, nyama ile ni ya nani? Watu wa Rufiji, wenye mto wa mamba na maji ya samaki na kamba wanaovuliwa na kuliwa kila siku, hawahitaji kufafanuliwa.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuona ugumu huu pamoja na mingine, akaelekea kusema kwamba kibakicho ni roho, na kwamba kurudi kwa mwili hakuthibitiki kwa akili peke yake. Al-Ghazali alimjibu katika Tahafut al-Falasifa, akasema kwamba roho yaweza kurudishiwa mwili, uwe wa chembe za kwanza au wa nyingine, maana mtu ni mtu kwa roho yake, na mwili wake hubadilika toka utoto hata uzee ilhali yeye hawi mwingine. Jibu hilo ni zuri, na mtepe ulioshonwa kwa usumba mpya walishuhudia. Walakini laacha kiu, kwa kuwa mwulizaji aweza kurudi akauliza roho hii yapambanuka na ile kwa kitu gani, maadamu zote ni roho.

Mimi huvutwa na jambo lililomo katika Sura ya al-Qiyama, ambamo mwenye kukanusha kukusanywa kwa mifupa hajibiwi kwa kutajiwa fuvu wala uti wa mgongo, bali hutajiwa ncha za vidole. Baadhi ya wafasiri wa kale walieleza kwamba ni kwa ajili ya udogo wa mifupa hiyo, kwani awezaye kuisawazisha iliyo midogo hashindwi na iliyo mikubwa. Tafsiri yao ina haki yake. Nami naongeza kwamba ncha ya kidole ndipo penye alama ambayo mtu hashirikiani na mwenziwe, na ambayo hata ofisi ya vitambulisho huitaka kabla ya kulikubali jina. Huo ndio mkato wa patasi juu ya tendegu.

Yamkini mtu akapinga, akasema kwamba alama ya mwanadamu ni amali zake, kwani kabati nalo likikaa nyumbani mwaka mmoja hupata mduara wa kikombe, mkwaruzo wa ufunguo, kona iliyovimba kwa maji, hata wale majirani wawili wakayatambua yao gizani. Kwa kabati hiyo yatosha. Kwa mwanadamu haitoshi, kwa sababu mtoto afaye siku ya kuzaliwa kwake hakupata kutenda lolote, wala hatuwezi kumwambia mama yake kwamba atakayerudi ni mtoto yeyote wa namna ile. Mtoto huyo alikwisha pata michirizi ya vidole vyake angali tumboni; na mapacha waliotoka katika yai moja, wakafanana hata baba yao akakosea majina, hawafanani michirizi hiyo. Mchoro mmoja, tumbo moja, damu moja, na bado kila mmoja ametiwa mkato wake. Mashine ya CNC haijui kufanya hivyo, wala haikuundwa kwa hilo. Sifa yake yote ni kwamba ubao wa elfu haupambanuki na ubao wa kwanza.