Shika Wembe, Ukate Mkono

Wewe uliyeketi mbele ya shujaa wako wa udongo wa polima, upanga ameuinua, joho limemfunika mgongo, nawe huoni brashi ya rangi itapenya wapi: shika wembe. Mkate mkono begani. Sasa hivi, udongo ukiwa bado mbichi.

Najua moyo unasita; umekesha naye. Lakini udongo huu si ule wa mfinyanzi wa vyungu. Hata ukiuacha mezani wiki nzima haukauki. Utaiva siku utakapoutia kwenye oveni, kwa nyuzi 110 hadi 130 kama pakiti inavyoelekeza, na hata ukishaiva unaweza kuuongezea udongo mbichi na kuuoka tena. Unaogopa nini?

Kata penye mshono wa asili: ukosi wa shati, pindo la mkono, mkanda wa kiunoni, pale ambapo jicho limeshazoea kuona mstari. Chomeka begani kipande cha waya mnene kiwe kigingi, ila kwanza kibonde kiwe bapa, maana waya wa mviringo utauacha mkono uzunguke ovyo. Oka kiwiliwili peke yake. Kikipoa, paka bega na kigingi poda ya mtoto, finyanga mkono mbichi juu yake mpaka ukae sawasawa, kisha oka vyote pamoja. Poda itazuia visigandane. Vuta taratibu: mkono utachomoka, na ukiurudisha utakaa pale pale. Ukipenda sumaku badala ya kigingi, zigandishe baada ya kuoka, kwani zile ndogo zenye nguvu hudhoofishwa na joto la oveni.

Mkono wa kwanza huenda ukalegea. Wa pili ukabana mno. Finyanga wa tatu! Shujaa wako yuko salama. Kilichoharibika ni mkono tu, nao ni kazi ya jioni moja. Waliotengeneza filamu ya The Nightmare Before Christmas, iliyotoka mwaka 1993, walimwundia mwanasesere wao Jack Skellington mamia ya vichwa vya kubadilisha, kimoja kikicheka, kingine kikishangaa, vyote vikivikwa kiwiliwili kile kile. Mamia! Wewe unadaiwa mkono mmoja.

Usiku bado mchanga na wembe uko mezani. Anzia begani.