Rangi ya Tanuri

Somo: 1 Petro 1:6–7

Wapendwa, ukiitazama bastola ya kale ya Colt, ile iliyoanza kutengenezwa Hartford, Marekani, mwaka 1873, mara nyingi utakuta fremu yake imekuwa ya kijivu kama sufuria kuukuu. Lakini chungulia karibu na nyundo, kwenye kona ambazo kidole hakifiki. Huenda bado pana buluu, zambarau na hudhurungi zilizotandana kama mafuta juu ya dimbwi. Zamani fremu nzima ilikuwa hivyo.

Rangi hizo hazikupakwa. Fundi alifukia chuma laini kwenye mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, ndani ya sanduku la chuma lililofunikwa, akaliingiza tanurini. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, saa baada ya saa, kaboni ilipenya ngozi ya chuma. Kisha akamimina vyote kwa mpigo ndani ya maji baridi. Ngozi ikawa ngumu, haikwanguki upesi. Moyo wa chuma ukabaki laini, usipasuke. Kilichotafutwa hasa ni ugumu. Rangi ilifuata nyuma yake.

Miaka hupita, jua na mikono huifuta rangi. Ndipo mwenye silaha hutamani kuirudishia ujana hapo nyumbani. Wapo wanaopitisha moto wa gesi juu ya chuma: kwenye nyuzi kama 220 hugeuka njano ya majani makavu, kwenye 300 hivi huwa buluu. Inapendeza! Ila moto huo hauongezi kaboni hata chembe, tena huulegeza ugumu uliopatikana tanurini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndiyo maana wakusanyaji wengi huona heri fremu iliyopauka kwa haki kuliko iliyorembwa upya.

Ndugu yangu, labda nawe unahuzunika kwamba rangi imekutoka. Ulipookoka uliimba hadi sauti ikakauka. Leo unakaa benchi la nyuma na kuomba kwa kunong'ona. Unadhani imani imekufa. Hebu jiulize: ule mwaka wa msiba, ulimwacha Mungu? Ulipodhulumiwa, ulilipiza? Kama ulisimama, basi kaboni imo. Usijichome kwa moto wa gesi, yaani kelele za kuazima na ushuhuda uliotiwa chumvi. Na ile rangi iliyosalia konani itunze: Bwana alitufundisha kuomba tukiwa tumefunga mlango (Mathayo 6:6).

Na kama ugumu wenyewe umekwisha? Fundi wa kweli hukilainisha chuma kwanza kwa moto wa taratibu, hukisugua, ndipo hukifukia tena mkaani. Kwetu sisi kulainishwa huko ndiyo toba. Haina njia ya mkato, na wala hatujifukii wenyewe. Aliye Fundi ndiye ajuaye saa ya kufungua sanduku.

Wiki hii mtembelee mzee mmoja wa usharika ambaye siku hizi hatumwoni mbele. Muulize alipita moto gani, kisha unyamaze umsikilize.