Jembe Katika Mji

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma hufika Buzuruga kabla hajachoka kukaa. Hapo huona nyumba zilizobanana na kuta zizidizo kuongezeka. Na pengine, bondeni au kando ya mfereji, tuta la mchicha au la matembele. Mara nyingi mwenye tuta si mwenye ardhi. Leo alima, kesho aweza kuambiwa aondoke.

Labda msomaji wetu amekwisha kujiuliza kwa nini wakulima wa mjini hupenda mno mchicha. Si kwa utamu tu. Mchicha huvunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, na mwembe hutaka miaka. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo hapandi mwembe.

Wako wasemao kwamba mji ni nyumba, duka na barabara, na kwamba mahali pa jembe ni kijijini. Sisi hatukubaliani nao, wala Serikali yenyewe haikufikiri hivyo sikuzote. Mwaka 1974, njaa ilipobisha hodi, watu wa mijini nao waliitwa kulima katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kisha kanuni za mwaka 1992 zilimruhusu mtu wa mjini kulima ekari zisizozidi tatu, na kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, tena zizini. Basi jembe si mgeni mjini. Lililokosekana ni mahali pake katika ramani.

Huko Uingereza, mwaka 1898, Ebenezer Howard alichapisha wazo la mji wa watu 32,000 katika ekari 6,000, ambazo 5,000 kati yake ziwe za mashamba. Mwaka 1903 mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa. Wengi humkumbuka kwa miti na bustani. Sisi twaona jambo kubwa zaidi lilikuwa hili: ardhi yote ishikwe kwa faida ya wakaaji wote, na kodi yake iwarudie.

Hapa ndipo penye ugumu. Mwenye kiwanja husema, "Nimelipa, nitajenga na kusakafu mpaka mpakani." Lakini Mwanza ni mji wa mawe na miteremko. Mvua inyeshapo, maji ya paa lake na ya ua wake uliosakafiwa humshukia jirani aliye chini, na hayaulizi hati. Je, haki ya yule wa juu yaishia wapi? Bonde lililoachwa wazi, lenye matuta na udongo uliolegea, lingeyanywa sehemu ya maji hayo. Na hao wawili wangekuwa na sababu ya kukutana pasipo kugombana.

Hatukatai kwamba kuna hatari. Maji ya mfereji uliopita gereji na vyooni hayafai kumwagilia mboga za watoto. Bustani yataka kisima au tangi la maji safi. Tena miji kadhaa ilikataza mazao marefu, kwa kuhofu mbu na wezi wajifichao katika mahindi. Juu ya wezi hatubishani, ila hatujapata kusikia mtu aliyejificha katika mchicha.

Manispaa ya Ilemela, yenye Buzuruga ndani yake, ilihesabiwa watu zaidi ya 500,000 mwaka 2022, na mji haujaacha kupanuka. Twaomba kwamba kabla kamba ya mpimaji haijavutwa katika kitongoji kipya, aulizwe kwanza yule alimaye bondeni. Eneo hilo litengwe liwe la majirani wote, na kila mlimaji aandikiwe tuta lake kwa miaka inayojulikana. Mitano yatosha kuanzia. Kwa muda huo mpapai utakuwa umekwisha kuzaa, na mwembe uliobebeshwa huenda ukawa na maembe yake ya kwanza.