Upande wa Ndani

Ndani ya gitaa moja lililoko hapa Unguja, chini ya uso wake, karibu na tundu la upande wa nyuzi nene, pana kiraka cha mbao chenye upana wa sarafu. Aliyekitia ni mimi. Hakionekani kwa jicho, hakisikiki kwa sikio, na kwa muda wa miezi mitatu mwenye gitaa hakujua kuwa kipo. Makala haya yanahusu kiraka hicho. Iwapo msomaji ataona jambo lenyewe ni dogo mno kujazia kurasa, namwomba anivumilie, kwani nami nililiona dogo kwa miezi hiyo hiyo mitatu.

Sikusomea useremala wala muziki, kama ambavyo sikusomea ushairi wala tafsiri. Nilichonacho nimekipata kwa kuchungulia. Fidla mbovu, aliyoiacha jirani yetu mmoja marehemu aliyekuwa mpigaji wa taarabu, ndiyo iliyonifumbua macho. Uso wake ulikuwa umebanduka, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ule mwinuko wake, unaofanana na kifua cha mtu aliyevuta pumzi akaizuia, haukupindwa kwa moto wala kwa maji. Ulichongwa kutoka katika ubao mnene, nje kwanza kisha ndani, mpaka ukabakia ukoko. Udi wetu una uso bapa, na gitaa la kawaida vilevile. Nikajiuliza kama yupo mtu aliyewahi kulichonga gitaa kama fidla.

Yupo, naye alitangulia zamani. Orville Gibson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1856, alikuwa akichonga mandolini na magitaa yenye uso wa mwinuko katika mji wa Kalamazoo, na mwaka 1898 akapewa hataza ya mandolini yake. Kampuni yenye jina lake iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1922, chini ya usimamizi wa Lloyd Loar, ilitoa gitaa liitwalo L-5, lenye matundu mawili ya umbo la herufi f kama ya fidla badala ya lile tundu moja la duara. Haja ilikuwapo. Bendi za zama zile zilikuwa na tarumbeta na ngoma, umeme haujaingia katika magitaa, na mpigaji aliyekaa nyuma alitaka kusikika. Katika gitaa la namna hii nyuzi hazikufungwa juu ya uso wenyewe. Hupita juu ya daraja lisilogundishwa, zikashikwa na kipande kilichotiwa mkiani, kwa hiyo uso hauvutwi, unakandamizwa. Mwinuko hustahimili mkandamizo huo kama tao la mlango linavyostahimili ukuta. Kila mwenye kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe analijua jambo hilo hata kama hajawahi kulitamka.

Nikaanza. Mbao za uso, za mti wa sprusi unaoota nchi za baridi, niliagiziwa na ndugu yangu aishiye Ujerumani. Ubao wa vidole ni mpingo wa kusini mwa Tanzania. Mgongo, ambao wenzetu wa Marekani huuchonga kwa mepo, mimi niliuchonga kwa mkangazi wa kabati la bibi yangu, na nikatahayari kidogo nilipoupasua. Sitaeleza hatua zote. Mbavu zilipindwa kwa bomba la moto, mbili zikavunjika, nikapinda nyingine. Shingo ilinipa taabu kuliko yote, na sina jambo la busara la kusema juu ya shingo.

Nitaeleza moja tu, kwa kuwa ndimo lilimo kosa. Uso ukishachongwa upande wa nje, hugeuzwa. Hapo fundi huulaza juu ya kiguzo kifupi kilichowekwa chini ya keekee ya kusimama, akaifunga keekee isishuke kupita kiasi anachokitaka, kisha akatoboa vijitundu vingi visivyotokeza upande wa pili. Kila kimoja kinamwambia: hapa chonga, na ukifika chini yangu, acha. Katikati hubakia kama milimita sita, kuelekea ukingoni zikapungua hadi tatu au zaidi kidogo. Baadaye ni kazi ya patasi ya mviringo na randa ndogo ya kidole, na kugongagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Ilikuwa alasiri, nimechoka, nataka nimalize kabla ya magharibi. Kifungio cha keekee kililegea, nami nilihisi kimelegea. Hili ndilo ninalotaka kulikiri hapa, maana kwa muda mrefu nilijisimulia kwamba kilinighafilisha. Nilihisi, nikasema moyoni kimoja hiki tu, kisha nitakikaza. Kile kimoja kilizama mpaka pakabaki unene wa ukucha. Nilipouinua uso kwenye mwanga wa dirisha, pale mahali paling'aa kama sikio la mtoto linapopigwa na jua.

Ningeweza kuutupa uso ule na kuagizia mwingine. Sikuutupa. Nilipanua kijitundu kikawa kisahani, nikachonga kipande cha mbao ile ile, nyuzi zake za mti zikifuata upande ule ule, nikakigundisha na kukisawazisha. Mafundi wa fidla hufanya hivyo kila siku, na fidla kongwe zisizo na viraka ndani ni chache. Kabla ya kuufunga uso nilichukua penseli nikaandika juu ya kiraka tarehe, na maneno haya: kosa la keekee, haraka ya fundi. Nikaona nimeshatubu.

Uso niliufunga kwa gundi ya ngozi, ile inayochemshwa. Rafiki zangu maseremala walinicheka, kwani gundi nyeupe ya dukani ina nguvu zaidi na haina harufu. Lakini gundi ya ngozi ina sifa moja ambayo ile haina: hukubali kuachia. Joto na unyevu na kisu chembamba, na uso hubanduka bila ya kupasuka. Mafundi wa fidla kwa makusudi huifanya nyepesi pale uso unapokutana na mbavu, ili gundi ishindwe kabla ya mbao. Aundaye kwa gundi hiyo anakubali kwamba atakuja mwingine baada yake, afungue, aone. Katika visiwa vyetu, ambavyo hewa yake ni nusu maji, fikra hii ina gharama yake. Nimeilipa, nami naililia mara moja moja.

Kisha vanishi. Nilitumia sheleki, utomvu wa wadudu utokao India, iliyoyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa kitambaa kilichofumbata pamba, mkono juu ya mkono, tabaka nyembamba zisizohesabika. Nilianza wakati wa vuli, na huo ulikuwa ujinga. Unyevu uliingia katika vanishi ikafanya ukungu mweupe, kama mtoto wa jicho. Niliufuta kwa spiriti kidogo, ukarudi. Nikaliweka gitaa kando hadi kaskazi ilipotulia, na katika wiki mbili za Januari kazi iliyonishinda miezi miwili ikakamilika. Polishi ina tabia ya ajabu. Kila doa la nje huliongezea nguvu, kila mkwaruzo ulioachwa na msasa huutangaza, na ya ndani haisemi hata neno.

Kijana aliyelichukua ni mpigaji wa harusi na wa mahoteli, mtoto wa rafiki yangu, nusu ya bei ameshanilipa tangu mbao zilipofika. Alilipiga barazani petu, akanyamaza, akalipiga tena. “Ami,” akaniambia, “hili linasema lenyewe.” Nikapokea mkono wake na sifa zake. Kiraka sikukitaja.

Miezi iliyofuata nililipeleka jambo hili barazani kwa njia ya mafumbo, kana kwamba ni la mtu mwingine. Mmoja wetu, mfanyabiashara mzee, hakufikiri hata nukta: mwenye kuuza hueleza aibu ya anachokiuza, na mnunuzi ana hiari ya kurudisha, basi, mazungumzo yameisha. Mwingine, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, akauliza kama kiraka ni aibu. Uso una unene uliokusudiwa, sauti ni njema, mbao hazitapasuka pale kuliko mahali pengine popote. Kosa lilikuwapo, sasa halipo. Akaongeza neno lililonichoma zaidi: kwamba mtu anayekwenda kumweleza mnunuzi habari ya namna hiyo hampi faida yoyote, anamtwika tu wasiwasi wake mwenyewe ili alale usingizi.

Nilitaka sana kuwa upande wa mwalimu. Hoja yake haina tundu. Lakini ilinirejesha mahali ambapo sikutaka kwenda. Miaka mingi nyuma nilitafsiri shairi refu kutoka Kiingereza, na ndani yake ulikuwamo mstari nisioufahamu. Nilitazama kamusi, niliuliza, sikuufahamu. Basi nikatunga mstari wa kwangu, mzuri, wenye mizani kamili na vina vyake, nikaupachika mahali pake. Kitabu kilipotoka, msomaji mmoja aliniandikia barua kuusifu mstari ule ule. Barua hiyo ninayo. Sijaijibu.

Nikayalinganisha mambo mawili haya. Chini ya kiraka cha gitaa kuna mbao nzima iliyotiwa kwa uangalifu, na anayefungua atakuta ukweli umeandikwa kwa penseli. Chini ya mstari wangu hakuna kitu. Uzuri wake ndio kifuniko. Kwa hiyo nilikaribia kujiridhisha kwamba kosa ni lile la kitabu, na gitaa ni safi. Kisha nikaiona hila iliyomo. Maandishi yangu ya penseli yalikuwa ungamo kwa fundi ambaye huenda atazaliwa baada ya mimi kufa. Hatanikunjia uso, hatanidai kitu, na aghalabu atanisifu kwa uaminifu wangu. Ungamo la namna hiyo ni rahisi kuliko yote. Aliyekuwa na haki ya kulisikia alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu kila Ijumaa na kunipa shikamoo.

Nimesoma habari za John D'Angelico, fundi wa New York aliyechonga magitaa zaidi ya elfu moja katika karakana yake ya Mtaa wa Kenmare. Alipofariki mwaka 1964 aliacha machache yasiyokwisha, na mwanafunzi wake, James D'Aquisto, akayamalizia. Nimewaza mara nyingi juu ya kijana yule akishika uso uliochongwa nusu na mkono wa mwalimu wake. Kila jambo la upande wa ndani lilikuwa wazi mbele yake: alama za patasi, mahali mzee alipokosea na akarekebisha. Jina lililokuwa litiwe kichwani mwa gitaa halikuwa lake. Mtarjumi yeyote anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba wasomaji wetu hawapewi kuona kabla ya uso kufungwa, na D'Aquisto alipewa.

Nikamwambia. Ijumaa moja nilimwita ndani, nikampa kahawa, nikaeleza yote pamoja na kule kuhisi kwamba kifungio kimelegea. Alinisikiliza, akagonga uso wa gitaa mahali nilipomwonesha, akagonga upande wa pili, akaondoka bila ya kusema la maana. Baada ya wiki akarudi na ombi, kwa adabu sana, kwamba ile nusu ya bei iliyobakia ipunguzwe kwa robo.

Nilikubali, na nilikasirika. Hasira hiyo ndiyo iliyonifundisha nilichokuwa nikikitafuta. Nilikwenda kwake na ukweli mkononi kama mtu aliyebeba zawadi, nikitaraji anirudishie heshima. Yeye aliuchukua kama habari ya bidhaa, na kwa haki kabisa. Mfanyabiashara wetu wa barazani alipolisikia hili, maana mwishowe niliyavua mafumbo, alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni.

Masika iliyopita uso ulivimba kidogo kwa unyevu, daraja likapanda, nyuzi zikawa juu mno. Aliniletea. Nilipitisha kioo kidogo cha daktari wa meno katika tundu la f, na taa, nikakitazama kiraka. Kimeshika. Penseli imefifia lakini inasomeka. Nilimwita naye akachungulia, akasoma kwa sauti maneno yale, “haraka ya fundi,” akaniuliza kama naweza kulimaliza leo. Nikamwambia leo haiwezekani, mbao hazijakauka. Alisema ana harusi Bumbwini Jumamosi, na angependa nyuzi ziwe chini kuliko mwanzo.

Barua ya yule msomaji imo katika mtoto wa meza, pamoja na bahasha tupu niliyoinunua wiki ile ile.