Sukari ya Kwao

Mtu akishaambiwa ana sukari, jamaa aliyemsindikiza huuliza imetoka wapi. Nilifanya kazi ya uuguzi Voi mpaka nikastaafu, na kwenye benchi la kungojea jibu nililolisikia mara nyingi lilikuwa moja: imetoka kwao mama. Bibi mmoja wa upande wa Mwatate alilitamka mbele yangu bila kushusha sauti. Mjukuu wake, kijana wa shule, alikuwa amepimwa asubuhi hiyo, na masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito. "Kwetu hakuna mtu wa sukari," akasema bibi. Mkaza mwanawe alikuwa akilikunja daftari la kliniki mikononi. Aliningoja mpaka wengine wakatoka. "Sista, kwani ni mimi nilimpa?"

Swali hilo lilikuwa kubwa kuliko dakika tulizokuwa nazo. Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa kumrithisha mwanawe kitu ambacho hata yeye hakujua kama anacho?

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna mitokondria, na kazi yake kubwa ni kuchukua chakula tulichokula na oksijeni tuliyovuta na kutoa nguvu ya kuishi. Mitokondria zina DNA yake, mbali na ile iliyo katika kiini cha seli: jeni 37, herufi 16,569, zilizosomwa zote kwa mara ya kwanza huko Cambridge mwaka 1981. Hizi tunazipata kwa mama. Zile zilizomo katika mbegu ya baba huharibiwa yai likisharutubishwa. Mwaka 1992 watafiti walieleza habari za familia moja ya Uholanzi ambamo kisukari na uziwi vilifuata ukoo wa kike, kwa sababu ya herufi moja tu iliyobadilika, ile ya 3243. Seli za kongosho huachilia insulini pale glukosi inapoingia na mitokondria zikaigeuza kuwa nguvu. Nguvu isipotosha, insulini haitoki ipasavyo, na sukari inabaki kwenye damu. Sikio nalo linatumia nguvu nyingi, ndiyo maana huathirika pamoja na kongosho.

Bibi akiyasikia haya atasema ameshinda kesi. Hajashinda. Aina hiyo ni sehemu ndogo sana ya wagonjwa wa kisukari, yapata mmoja katika mia au pungufu. Sukari inayojaza kliniki zetu hutokana na jeni nyingi za baba na mama kwa pamoja, na umri, na uzito, na kazi za kukaa, na soda ya kila siku. Mwaka 2004 kundi la Gerald Shulman wa Chuo Kikuu cha Yale lilipima vijana wembamba waliokuwa na mzazi mwenye kisukari, ambao miili yao ilikuwa tayari haiitikii insulini vizuri. Mitokondria za misuli yao zilifanya kazi pungufu kwa karibu asilimia 30. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama upungufu huo ni chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake. Na tena, mitokondria za mwanawe bibi zilitoka kwa bibi mwenyewe. Hazikufika kwa mjukuu kwa sababu tu mwanawe ni mwanamume.

Lakini hebu tumpe bibi hoja yake yote. Tuseme kijana yule alikuwa na ile herufi ya 3243, na ilitoka kwa mama. Mama wa namna hiyo kwa kawaida hubeba mchanganyiko, mitokondria nzima na zenye kasoro ndani ya seli zilezile. Mayai yake yanapoumbwa, kila moja hupata fungu dogo la mchanganyiko huo, na mafungu hayalingani. Ndipo ndugu mmoja huzaliwa na kasoro nyingi na mwenzake na chache. Mayai hayo huanza kuumbwa yeye mwenyewe angali tumboni mwa mama yake. Hatia itaingilia wapi? Jambo lilifanyika kabla yule mwanamke hajavuta pumzi ya kwanza.

Wazee wetu wa Taita nao walitafuta chanzo cha ugonjwa. Waliuliza ni nani mwenye hasira moyoni: mzee, jirani, au babu ambaye fuvu lake limewekwa pangoni. Akijulikana mtu, alitasa: alitia kinywani funda la pombe ya miwa au maji, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya heri, na hasira ikatoka. Grace Harris, mwanaanthropolojia, aliandika kitabu kizima juu ya ibada hiyo, kikatoka mwaka 1978. Mimi ni Mwanglikana, wa kanisa lililoanza kazi yake huku Taita, pale Sagalla, mwaka 1883, na siamini kwamba hasira huleta sukari. Hata hivyo naona huruma katika kutasa. Aliyelaumiwa alikuwa na la kufanya, na akishalifanya, watu walipatana. Mama anayelaumiwa kwa damu yake hana la kupuliza nje. Lawama hii yetu ya siku hizi, inayojivika maneno ya hospitali, ni katili kuliko ile ya mapangoni.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa kwamba mtoto abebe uovu wa baba yake. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu anawakatalia swali lenyewe. Kisha anashika matope na kuanza kazi. Mtu aweza kuniuliza: basi ni Mungu aliyeligawa lile fungu la yai? Sitasema hivyo kwa mama yeyote. Ninachoamini ni kwamba Mungu hupatikana kwenye kazi inayofuata baada ya ugonjwa kujulikana, na kwamba anayemtafuta katika lawama anamtafuta mahali asipo.

Na huko kwao mama ni wapi hasa? Mwaka 2013 Profesa Chapurukha Kusimba na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA ya mitokondria za Wataita na Wamijikenda 352. Wataita walionekana kuwa na asili nyingi zaidi za upande wa kike kuliko Wamijikenda, na dalili za kuchanganyika na watu wa lugha za Kikushi. Vilima vyetu vimeoa kutoka mbali kwa muda mrefu sana. Bibi wa Mwatate pia aliletwa kama mke, akiwa na mitokondria alizorithi kwa mama yake.

Nawaomba wachungaji, maimamu na wazee wa ukoo: mkiitwa kumwombea mtoto mwenye sukari, ulizeni kama dawa ipo nyumbani na ni nani atakayempeleka kliniki. Mwambieni baba naye aende akapimwe. Ya kwao mama msiyaulize.