Je, Akiba Haiozi?

Wahenga walituachia neno fupi: akiba haiozi. Sisi wa pwani tumelirithi bila ya kulihoji. Lakini mzee mmoja wa Dodoma, mwalimu mstaafu, alinitia shaka. "Mdogo wangu," alinambia, "pensheni yangu haijapungua hata senti moja tangu nistaafu. Kilichopungua ni debe la mtama."

Kauli hiyo yataka kutazamwa. Uwanda wa kati hupata msimu mmoja tu wa mvua, aghalabu baina ya Disemba na Aprili, na hata huo si wa kutegemewa. Kwa hivyo Mgogo alijifunza tangu zamani kuweka uwele na mtama katika kilindo, ndani ya tembe. Debe lililoingia, likisalimika na wadudu, lilitoka debe. Shilingi sivyo. Bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, shilingi 100,000 za mstaafu wa miaka 60, atakapofika miaka 74, zitanunua takriban kile alichokinunua kwa shilingi 50,000 siku aliyostaafu. Zimeoza, ingawa tarakimu zake zingali nzima.

Basi wajibu ni wa nani? Wako wasemao ni wa mstaafu mwenyewe: aupime uzee wake kwa vitu, si kwa fedha, kwa unga, dawa, maji na kodi ya nyumba. Asiumalize mkupuo kwa harusi na nyumba isiyokwisha. Sehemu aiweke katika kitu kizaacho. Nakubali. Kumwambia mwana "hapana" leo ili usimwelemee kesho si ubakhili. Ni huruma iliyotangulizwa.

Lakini Ugogo una somo la pili. Njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na ubadhirifu. Majeshi ya Vita Kuu yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipokuja ukakuta vilindo vitupu. Mwenye busara na mpumbavu walilala njaa pamoja.

Pensheni nayo ni kilindo chenye kifuniko kilichoshikwa na mikono miwili. Mwaka 2022 Serikali ilipanga mkupuo uwe asilimia 33 ya mafao, na yaliyosalia yalipwe kila mwezi. Mwaka 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walistahili 50. Ubishi mwingi uliuzunguka mkupuo. Mimi naiulizia zaidi ile sehemu ya kila mwezi: je, itapanda pamoja na bei? Aliyeahidi debe akalipa nusu debe, hata akiliita debe, hajatimiza ahadi.

Methali yetu ilitungwa na watu walioweka nafaka. Sisi tunaoweka fedha, tukitaka ibaki kweli, hatuna budi kuilinda: kila mtu kwa kiasi chake, na mtawala kwa neno lake.