Gogo Lililotolewa Mtoni

Somo: Mathayo 13:24-30



Kwaresima ni majira ya kusafisha moyo, na mwaka huu tumeona vema kuzungumza nanyi juu ya kusafisha kwenyewe. Maana kuna kusafisha kunakoponya, na kuna kusafisha kunakoharibu.

Katika somo letu watumwa wa mwenye shamba waliona magugu katikati ya ngano. Watu hawa hawakuwa wavivu wala waovu. Walikuwa na bidii, wakataka kuingia shambani siku ileile na kung'oa. Bwana wao akawazuia. Hakuwazuia kwa sababu aliyapenda magugu, bali kwa sababu alijua habari za mizizi iliyo chini ya udongo, ambayo wao hawakuiona. Mfano huu tumeusikia tangu Shule ya Jumapili. Leo tunataka kuwaeleza jinsi jambo kama hilo lilivyotokea kweli, katika mito ya magharibi ya Marekani.

Katika jimbo la Oregon, kwenye milima iitwayo Cascade, uko msitu uliotengwa tangu mwaka 1948 kwa ajili ya uchunguzi, nao huitwa msitu wa H. J. Andrews. Ukubwa wake ni kama hekta 6,400. Miti yake mikuu ni ya jamaa ya misonobari. Mingine imeishi miaka 500, na urefu wake wapita meta 70. Chini yake hupita vijito vya maji baridi. Katika mito ya nchi hiyo yuko samaki aitwaye samoni. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha huupanda tena mto uleule aliozaliwa, hutaga mayai yake katika changarawe, na akiisha kutaga, kwa kawaida hufa.

Basi wakata miti walipofanya kazi kando ya mito hiyo, waliacha majini matawi, magome na takataka nyingi. Vijito vingine viliziba. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1950 hata miaka ya 1970, wasimamizi wa samaki na wa misitu walikuwa wakiisafisha mito, ili samoni apate njia. Nia yao ilikuwa njema, na takataka zile zilikuwa takataka kweli. Lakini bidii iliwapita kiasi. Walipoondoa taka za wakata miti, waliondoa na magogo makubwa yaliyoanguka yenyewe kwa uzee au kwa upepo, na kulala majini miaka mingi. Yakakatwa, yakavutwa kwa mashine, na mto ukabaki safi, umenyooka, wapendeza macho.

Baadaye watafiti wa msitu wa Andrews pamoja na wenzao walianza kupima kwa subira, nao wakaona kazi ya gogo. Maji yakiruka gogo huchimba kidimbwi chini yake, na humo samaki wachanga hujificha wakati wa mafuriko ya majira ya baridi. Nyuma ya gogo changarawe hutulia, nayo ndiyo samoni anayoitaka kwa mayai yake. Majani yaliyoanguka mtoni hunaswa hapo. Wadudu wa majini huyala majani, na samaki huwala wadudu. Gogo likitolewa, maji hukimbia na kuikokota changarawe, vidimbwi hupotea, na samaki mdogo hana mahali pa kushikilia. Waliodhani wanaondoa kizuizi, kumbe walikuwa wanabomoa nyumba.

Hata katika nchi kavu gogo lina kazi. Miche humea juu yake na kupata mahali pa kuanzia. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja, Mark Harmon, alipanga magogo zaidi ya 500 katika msitu huo ili kuchunguza jinsi yanavyooza. Uchunguzi huo uliwekewa muda wa miaka 200. Utamalizika mwaka 2185. Aliuanza akijua kwamba mwisho wake ataushuhudia mtu mwingine. Mwaka 2023 moto uliunguza sehemu kubwa ya msitu ule, lakini watafiti walirudi kuendelea na kazi yao.

Na ile mito je? Waliohusika walikubali kwamba walikosea. Leo, katika mito mingi ya pande zile, magogo yanarudishwa kwa mashine, na pengine kwa helikopta. Lakini gogo kubwa huhitaji karne nyingi kukua. Kulitoa ilikuwa kazi ya siku moja. Kulirudisha ni kazi ya vizazi.

Wapendwa, sisi nasi tumesafisha. Katika daftari la usharika wetu yamo majina yaliyopigwa mstari. Liko jina la binti aliyepata mimba, akaketishwa kiti cha nyuma mbele ya macho ya watu wote, naye Jumapili iliyofuata hakuja tena. Kijana aliyehusika naye hakuulizwa neno. Liko jina la mzee aliyeshindwa na pombe. Yako majina ya watu waliogombana katika kwaya, tukaona ni rahisi kuwaondoa kuliko kuwapatanisha. Hatusemi kwamba hawakuwa na kosa. Twasema kwamba tulitazama kosa, wala hatukutazama ni nini kilichokuwa kinashikiliwa na mtu yule.

Maana binti yule ndiye aliyekuwa akiwaleta wadogo zake watatu katika Shule ya Jumapili, nao hatuwaoni tena. Mama yake huja bado, lakini hutoka nje kabla ya watu kuiendea Meza ya Bwana, na sisi twamwona anavyotoka. Mzee yule, pamoja na udhaifu wake, ndiye aliyekuwa akiwaamsha majirani kwenda kumzika maskini asiye na ndugu. Tangu aondoke, maziko ya namna hiyo yana watu wachache. Kanisa letu limekuwa safi, nalo limekuwa na nafasi nyingi za kukaa.

Pengine mtu atauliza: Je, kanisa lisiwe na utaratibu? Liwe nao. Hata mtoni zilikuwako takataka kweli, wala hakuna mtafiti aliyeagiza zirudishwe. Lakini Bwana wetu alituonyesha njia katika Mathayo 18: kwanza mwendee ndugu yako peke yako, asiposikia, nenda na mmoja au wawili, ndipo mwisho kanisa lote liambiwe. Sisi mara nyingi tumeanzia mwisho. Tumelitangaza jambo kanisani kabla mtu mmoja hajagonga mlango wa mwenye kosa na kuketi naye. Tena Bwana aliposema kwamba asiyesikia kanisa na awe kama mtoza ushuru, tukumbuke jinsi Yeye mwenyewe alivyowatendea watoza ushuru. Aliingia nyumbani mwao akala nao.

Kwa hiyo, kabla ya Pasaka, sisi tulio watumishi wenu, pamoja na wazee wa kanisa na makatekista, tutalifungua daftari hilo. Kila mmoja wetu atachukua majina mawili na kwenda kwa miguu yake. Twawaomba akina mama na vijana watusaidie, hasa pale ambapo sisi tuliokosa hatutapokewa. Tusiende kwanza kuwaambia warudi. Twende kwanza kuwaambia kwamba tulifanya haraka, na kwamba tumeona pengo walikotoka. Wengine hawatatusikia mwaka huu. Wengine watakuja kwa watoto wao, sisi tukiwa kaburini. Tusikate tamaa, kazi ya namna hii haimalizwi na aliyeianza.

Na tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeyaumba maji na misitu na vyote viishivyo humo, utusamehe sisi tuliotupa nje watu ulioweka ndani. Utupe subira yako tuwezapo kuona kosa tu, na unyenyekevu wa kuwaendea wale tuliowaumiza, ili sote tuketi pamoja mezani pako; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.